UZI: Mzazi ana Alzheimer na ndugu wanakuja likizo. Namna ya kulinda ratiba yake isivurugike

MleziDom (mwanzisha uzi)

Wana jamvi, salaam. Shule zikifungwa Desemba, Dodoma inapokea ndugu kutoka kila kona. Wa Dar wanashuka na treni ya SGR, wa Mwanza na Singida wanashuka stendi ya Nanenane, na wote wanafikia kwa bibi. Bibi huyo akiwa na Alzheimer, wiki mbili za ugeni zinaweza kumvuruga mpaka Januari. Naweka hapa utaratibu unaofanya kazi, wenye ujuzi waongezee.

Kwanza tuelewane kwa nini ratiba ina uzito hivyo. Ugonjwa huu unaanza kwa kuharibu sehemu ya ubongo inayotunza mambo mapya. Ya jana yanapotea, lakini mazoea ya miaka mingi, yale ambayo mwili unayafanya bila kufikiri, yanadumu muda mrefu zaidi. Mzee hajui kama leo ni Jumanne, ila akishakunywa uji anajua anakwenda kukaa kibarazani, na akitoka kibarazani anajua kinachofuata ni kuoga. Tendo moja linamwitia jingine. Ukichomoa moja katikati, hajui tena siku imefika wapi, na hofu inaingia. Hofu hiyo ndiyo tunayoiona kama ukali, kugoma kula, au kung'ang'ania "nataka kurudi nyumbani" wakati yuko nyumbani kwake.

Kwa hiyo mgeni ndiye anayeingia kwenye ratiba ya mzee. Kuna mambo hayasogezwi hata akija askofu: saa ya kuamka, saa za kula, dawa, choo, usingizi wa mchana na kitanda chake. Mengine yote yanajadilika.

Nasisitiza kitanda. Mazoea yetu wageni wakijaa ni kumhamishia bibi kwenye chumba cha wajukuu, au kuwalaza wajukuu wawili pembeni yake. Usifanye hivyo. Usiku mzee anaamka kwenda chooni kwa kufuata njia ambayo miguu yake imeizoea: hatua kadhaa, ukuta kulia, mlango. Ukimlaza chumba kingine anagonga kabati au anaingia stoo. Ukilaza watoto sakafuni kwenye njia yake, anaanguka. Na blanketi lake lisiazimwe mgeni. Blanketi analolijua kwa harufu na kwa kuligusa linamtuliza kuliko maneno.

Saa za kuonana na wageni: nzuri zaidi ni kati ya saa 4 na saa 6 mchana, akiwa ameshaoga, ameshakula na akili imetulia. Wawili au watatu kwa wakati mmoja, dakika 30 mpaka 45, kisha wapumzike nje chini ya mti waingie wengine baadaye. Kuanzia saa 10 jioni punguza watu na sauti, kwa sababu wagonjwa wengi huchafuka jua likikaribia kuzama. Desemba jua la Dodoma linazama karibu na saa 1 kasorobo, kwa hiyo washa taa saa 11 na nusu, kabla vivuli havijaingia ndani, na ufunge mapazia ili asione sura yake kwenye kioo cha dirisha akadhani kuna mtu amesimama nje. Umeme ukikatika, taa ya chaji iwe imeshajazwa na iko mahali pamoja siku zote. Mshumaa hapana, unacheza na kutengeneza vivuli vinavyotembea ukutani.

---

Kisasa_Mtoto_wa_Pili

Ahsante kwa uzi. Swali langu: unamwambiaje kaka mkubwa anayefika saa 4 usiku na treni ya jioni, amekuja na zawadi, na anataka mama aamshwe amwone? Kwetu kumzuia mkubwa ni kukosa adabu.

---

MleziDom

@Kisasa_Mtoto_wa_Pili usimzuie mlangoni akiwa na mizigo mkononi, utakuwa umechelewa. Mwambie wiki moja kabla, na kama kuna mjomba au shangazi anayeheshimika kwenye ukoo, ujumbe utoke kwake kwenye grupu la familia. Kitu kama hiki:

"Ndugu zangu, karibuni sana. Mama anaamka saa 12 na nusu, chai saa 1, chakula cha mchana saa 6 na nusu, analala mpaka saa 8 na nusu, chakula cha jioni saa 12, kitandani saa 2. Tutamsalimia kuanzia saa 4 asubuhi, wawili wawili. Atakayefika usiku atamkuta asubuhi. Tusimuulize kama anatukumbuka, tujitaje. Zawadi za chakula tumkabidhi anayemhudumia."

Mkubwa akiona saa zimeandikwa na zinawahusu wote, haoni kama amelengwa yeye. Mpe pia jukumu lenye heshima, kwa mfano yeye ndiye atakayekaa na mama kibarazani saa 4 ya siku ya kwanza, kabla ya wengine wote. Na mzee mwenyewe aambiwe asubuhi ya siku hiyohiyo kwamba fulani anakuja. Ukimwambia siku tatu kabla atauliza kila dakika kumi "wamefika?" na usiku hatalala, atakwenda getini kuwapokea.

---

NesiMstaafu_Makole

Nyongeza kuhusu salamu, maana hapo ndipo ziara nyingi zinaharibikia ndani ya dakika ya kwanza.

Mgeni anaingia, anamshika bibi mabega kwa nyuma, anacheka kwa sauti: "Bibi! Mimi nani? Hunijui? Nitaje jina!" Huo ni mtihani ambao hawezi kuufaulu, na anafanyiwa mbele ya watu. Anaaibika, na aibu inabaki hata akishasahau swali. Hilo wengi hawalijui: tukio linafutika kichwani lakini hisia iliyoletwa na tukio inaweza kukaa muda mrefu baadaye. Ndiyo maana unakuta mzee amenuna mpaka jioni na hakuna anayejua kwa nini.

Fanya hivi. Mjie kwa mbele, si kwa ubavu wala nyuma. Kaa au chuchumaa macho yenu yalingane. Ngoja akuone. Kisha: "Shikamoo bibi." Nyamaza, hesabu mpaka tano au zaidi, usijaze ukimya huo. "Marahaba" itakuja, kwa sababu amejibu salamu hiyo maisha yake yote na haihitaji kumbukumbu ya jana. Sasa amekwisha kufaulu jambo moja. Hapo ndipo unajitaja: "Mimi Neema, mtoto wa Asha. Nimekuja kukusalimia." Jina, uzazi, sababu. Sentensi fupi, moja moja.

Kwa wazee wa Kigogo anza na "mbukwa", utaona uso unavyofunguka. Ugonjwa ukisonga mbele, lugha iliyojifunzwa baadaye inaanza kupungua na ile ya utotoni inabaki. Mzee wa Bahi au Mpwapwa anaweza kuanza kujibu kwa Kigogo tupu, wa Kondoa kwa Kirangi, na mjukuu aliyekulia Dar asielewe neno. Katika kila kundi la wageni awepo mmoja anayejua lugha hiyo, hata jirani. Asiyeijua aimbe. Nyimbo za kanisani au za ngoma alizozishika akiwa msichana anaweza kuzifuata mpaka ubeti wa mwisho hata kama hakumbuki amekula nini.

---

Mama_Mizabibu

Nimependa hilo la kungoja. Niongeze upande wa chakula, kwa sababu wageni wanapika vizuri na kwa upendo, na bado mzee anakonda.

Sababu ya kwanza ni saa. Pilau la wageni linaiva saa 9. Mzee wa saa 6 na nusu ameshapita njaa, amekasirika, na ule usingizi wa mchana umeruka. Mpikie chake peke yake mapema, hata kama ni ugali kidogo na mlenda. Saa 9 akitaka kukaa na wengine apewe vijiko viwili vya pilau, ahesabike kwenye meza.

Sababu ya pili ni kunawa. Hili naomba mlisome vizuri. Wazee wetu miaka yote wamenawishwa wakiwa wameketi: beseni linaletwa, birika linainamishwa, maji ya vuguvugu yanapita vidoleni, taulo inapokewa. Kwa mwenye Alzheimer hiyo ndiyo kengele ya chakula. Mikono ikishalowa mwili unajua kinachofuata ni tonge. Wageni wakija, kila mtu anakimbilia sinki, bibi anawekewa sahani mbele, na anaitazama tu. Mnasema amegoma kula, kumbe hajaambiwa kwa lugha anayoielewa kwamba muda wa kula umefika. Mnawisheni palepale alipokaa, kila mlo, na anayemnawisha aketi ale naye. Akiona mkono wako unamega tonge, wake utafuata.

Sababu ya tatu ni rangi. Ugali wa sembe kwenye sahani nyeupe juu ya kitambaa cheupe cha wageni hauonekani. Ubongo wake unashindwa kutenganisha. Tumia sahani ya bluu iliyokoza au nyekundu, isiyo na maua, maana maua atayachota. Ugali wa uwele au wa mtama una rangi yake, huo haukupi shida sana. Weka kitu kimoja au viwili tu mbele yake, matunda yaje baadaye. Akishaanza kupaliwa au kukohoa wakati wa kula, akae wima kabisa, matonge madogo, na abaki ameketi nusu saa baada ya kumaliza. Mgeni asimlishe akiwa ameegemea mito.

Maji: Dodoma ni kukavu na mzee hasikii kiu. Glasi 6 mpaka 8 kwa siku, isipokuwa daktari amempunguzia kwa ajili ya moyo au figo. Mpe kidogo kidogo kila anapokaa, na nyingi ziishe kabla ya saa 11 jioni, usiku asiamke mara nne.

---

MjukuuWaBahi

Kwetu shangazi anasema bibi amerogwa na wageni wanashauri apelekwe kwa mganga wakati wa likizo. Nimjibuje bila ugomvi?

---

NesiMstaafu_Makole

@MjukuuWaBahi mwambie ni ugonjwa wa ubongo unaojulikana tangu 1906, daktari Alois Alzheimer alipoueleza huko Ujerumani, na uko kwetu pia. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ukachapishwa 2013, ulikuta watu zaidi ya 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana dimensia, yaani kupungukiwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na Alzheimer ndiyo aina inayoongoza duniani. Safari ya kwa mganga, mbali na mengine yote, inamtoa kitandani kwake, inamkatizia dawa na inaweza kumwachia lawama za uchawi yeye mwenyewe. Shangazi akitaka maoni ya pili, mpelekeni bibi kliniki pamoja naye. Hospitali ya Mirembe ipo hapahapa mjini, na ya Benjamin Mkapa ipo. Shangazi akisikia mwenyewe maelezo ya daktari inasaidia kuliko mabishano ya sebuleni.

---

FamasiaDom

Niingie kwenye dawa, kwa sababu msimu wa wageni tunaona makosa yaleyale.

La hatari kuliko yote ni mzee mwenye kisukari anayetumia glibenklamidi au insulini. Amepewa dawa asubuhi kama kawaida, halafu chakula kikachelewa kusubiri wageni. Sukari inashuka. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, ukali wa ghafla. Familia inasema "ugonjwa wake umempanda" na kumwacha alale. Hapo anaweza kupoteza fahamu. Kipimo cha sukari kiwe karibu. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na bado anameza vizuri, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, pima tena baada ya dakika 15, rudia kama haijapanda, kisha ale. Asipomeza au akiwa hajitambui usimwagie kitu mdomoni, kimbiza hospitali. Na kwa glibenklamidi hata akizinduka apelekwe, kwa sababu inakaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena.

La pili, dawa za mafua zinazoletwa na wageni. Piriton, Phenergan na nyingi za maji za kikohozi zenye kulewesha zinazuia kemikali ileile ya ubongo ambayo mgonjwa wa Alzheimer tayari anaikosa. Anachanganyikiwa zaidi, mkojo unaziba, choo kinakuwa kigumu, anaanguka. Kama anatumia donepezili, dawa ya Alzheimer, basi unampa dawa mbili zinazovutana: moja inaongeza kemikali hiyo, nyingine inaizuia isifanye kazi. Akiwa na mafua, parasetamoli kwa kipimo chake, maji ya moto na mvuke wa chumba vinatosha mpaka aonwe. Diazepamu ya "apumzike kidogo wageni wakiwepo" ndiyo kabisa msimpe.

Donepezili yenyewe kwa kawaida ni mara moja kwa siku, wengi hunywa usiku. Akianza kuota ndoto kali mwulizeni daktari kama ihamie asubuhi. Msiihamishe wenyewe kwa kuwa eti nyumba ina kelele.

Mtu mmoja tu atoe dawa, na aweke alama kwenye daftari palepale. Nyumba yenye watu kumi mzee anaweza kupewa mara mbili, kila mmoja akidhani mwenzake hajatoa.

---

Kisasa_Mtoto_wa_Pili

Hilo la mvuke: tumfunike shuka kichwani na sufuria ya maji ya moto kama tunavyofanya sisi?

---

FamasiaDom

Hapana, nashukuru umeuliza, nilikosea kuliacha bila maelezo. Mzee aliyechanganyikiwa atapiga teke sufuria na kuungua. Achaneni na mvuke. Kinywaji cha uvuguvugu kinatosha.

---

Mwalimu_Ipagala

Naomba mjadala kuhusu jambo moja linalotugawa. Mzee anauliza "baba yenu yuko wapi?" na baba alifariki zamani. Wageni wengine wanajibu "amekwenda shamba". Mimi naona ni uongo na dini hairuhusu. Wengine wanamwambia ukweli na analia upya kila siku kama msiba wa leo.

---

NesiMstaafu_Makole

@Mwalimu_Ipagala kumwambia habari ya kifo kila anapouliza ni kumfiwisha kila siku, na hata hatalibeba somo hilo. Lakini huhitaji kudanganya. Jibu kile anachokihisi: "Unamkumbuka baba. Alikuwa anapenda sana shamba lake la zabibu, eh?" Kila neno hapo ni kweli. Atasimulia, na swali litapita. Muhimu wageni wote mkubaliane jibu moja kabla, kwa sababu akipata majibu matatu tofauti ndani ya saa moja atajua kuna kitu anafichwa.

---

Mwalimu_Ipagala

Nimeelewa. Hilo naweza kulisema kwa dhamiri safi.

---

MleziDom

Tukija kwenye kuoga na choo. Mabinti waliotoka mbali wanatamani kumwogesha mama wenyewe, ni upendo na ninauheshimu. Ila kuogeshwa na mtu ambaye kwa siku hiyo hamtambui ni kuvuliwa nguo na mgeni. Aendelee anayemwogesha siku zote, hata kama ni dada wa kazi, na binti apokee kuanzia kumpaka mafuta na kumfunga kitenge. Maji yawe tayari kwenye ndoo kabla hajaingia, stuli ya plastiki yenye miguu mipana, kanga kifuani muda wote, anza miguuni na umalizie kichwani. Maji ya kichwa kwanza ndiyo yanayoleta mapambano.

Kwa mzee Mwislamu udhu ni msaada mkubwa. Mpangilio wa mikono, kinywa, pua, uso unabaki mwilini miaka mingi, na saa za swala ni nguzo za siku ambazo tayari zipo. Wageni wasiswali kwa makundi mchana kutwa mbele yake, atataka kutawadha kila mara. Waswali pamoja naye, mara moja, kwa saa yake.

Choo: mkumbushe kila saa mbili hata kama hajaomba. Mlango wa choo ubaki nusu wazi kikiwa hakina mtu, taa iwake usiku kucha. Nyumba yenye wageni choo kinakuwa kimefungwa saa zote, na mzee hana dakika tano za kusubiri. Kama vyoo ni viwili, kimoja kiwe chake mpaka wageni waondoke.

Na dada wa kazi: maelekezo yapitie kwa mtu mmoja. Mashangazi wanne wakimtuma kila mmoja lake, mzee ndiye anayesahaulika.

---

MjukuuWaBahi

Bibi akidai mgeni amemwibia hela?

---

Mama_Mizabibu

@MjukuuWaBahi mgeni asijitetee wala asionyeshe mifuko yake. Aseme "Pole bibi, tuitafute wote", waanze kutafuta, na ukipata kitu kingine anachokipenda mikononi mwake mada inahama. Wazee wengi wanaficha hela kwenye foronya, kwenye debe la unga, ndani ya viatu. Weka pochi ndogo yenye sarafu na noti ndogo mahali palepale ili ionekane. Na ile "hela ya sukari" ambayo wageni wanampa wakiaga, wampe noti ndogo mkononi kwa heshima yake, nyingine apewe anayetunza matumizi.

---

Kisasa_Mtoto_wa_Pili

Harusi je? Ipo Jumamosi hukohuko mjini, ukumbini, kuanzia saa 12 jioni.

---

MleziDom

Muda huo, spika zile, watu mia tatu: hapana. Mpelekeni kanisani au kwenye ndoa mchana, dakika 30, akae mwisho karibu na mlango na mtu wake mmoja, gari likiwa tayari. Au bibi na bwana harusi waje kwake asubuhi inayofuata saa 4 wakiwa wamevaa nguo zao, apige nao picha. Hiyo atakuwa ameshiriki akiwa na akili yake iliyotulia.

Siku zenye watu wengi geti lifungwe kwa ndani na mtoto mmoja mkubwa apangiwe kuangalia. Wazee hutoka wakati wageni wanaingia na kutoka, hakuna anayeona. Mwandikieni karatasi yenye jina na namba ya simu ya familia, ishonwe ndani ya pindo la nguo, na balozi wa nyumba kumi, bodaboda wa kijiweni na mwenye duka wapewe taarifa. Akipotea tafuteni papo hapo, kwanza kwenye njia ya shamba au nyumba ya zamani. Msisubiri jioni.

Kuaga nako kuna namna yake. Mabegi yasipangwe sebuleni tangu asubuhi. Akiyaona anajua kuna safari na atataka kufunga lake. Yapelekwe kwenye gari kwa mlango wa nyuma, wageni wamuage mmoja mmoja muda mfupi kabla ya chakula, kisha beseni la kunawa liletwe mara moja. Baada ya hapo siku mbili tatu za kwanza asipokee mgeni mwingine yeyote.

---

NesiMstaafu_Makole

Kabla uzi haujashuka, tofautisheni uchovu wa wageni na hatari. Uchovu unapungua ndani ya siku chache, taratibu. Lakini akibadilika ghafla ndani ya saa chache au siku moja, akawa anasinzia ovyo au anaona vitu, ana homa, mkojo unauma au hautoki, hajapata choo siku tatu, au alianguka hata kama anasema haumii, hiyo isihesabiwe kuwa Alzheimer imezidi. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria, upungufu wa maji au dawa, na vinatibika. Apelekwe siku hiyohiyo na daftari la dawa mkononi, pamoja na mtu anayejua alivyokuwa wiki iliyopita, maana daktari atauliza hilo kabla ya jambo jingine lolote.